Picha ya Maneno: Jinsi ya Kulitetea Pori kwa Kalamu

Muhula uliopita Chama cha Midahalo cha shule yetu kilipewa kazi ya kuiandikia serikali ya kijiji jirani barua juu ya msitu mdogo ulio kilimani, pale ilipo chemchemi inayotupatia maji sisi wa bweni pamoja na wanakijiji wenyewe. Miti ilikuwa ikikatwa kwa ajili ya mkaa, na maji yalikuwa yakipungua. Kwa kuwa mimi ndimi katibu wa chama, kazi ya kuandika iliniangukia. Niliiandika barua hiyo kwa siku mbili, nikaionea fahari.

Nilisema humo ya kuwa misitu ni uhai. Ya kuwa misitu huleta mvua na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Ya kuwa misitu ni urithi wa taifa, na ukataji wa miti ovyo ni adui wa maendeleo. Nikamalizia kwa kuomba hatua madhubuti zichukuliwe mara moja. Tulikwenda watatu kuipeleka. Mzee mmoja wa halmashauri ya kijiji alitupokea vizuri, akavaa miwani, akaisoma hadi mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni. "Ahsanteni, wajukuu zangu," akasema. "Maneno mazuri. Haya tumeyasikia sana." Kisha akatuuliza mitihani inaanza lini.

Tuliporudi, mwalimu wetu wa Kiswahili alitaka kuiona nakala. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia akisema, "Barua hii haina kosa la sarufi hata moja. Wala haina mti hata mmoja."

Maneno hayo yalinichoma, maana yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nimelitaja neno "misitu" mara nyingi, lakini msomaji wangu asingeweza kuona hata jani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijifunza, kwa msaada wa walimu na maktaba yetu, jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyoyatetea mapori kwa kalamu. Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji kwa nini picha ya maneno ina nguvu ya kushawishi, namna inavyotengenezwa, na hatari iliyomo ndani yake, ambayo mimi mwenyewe niliiangukia.

Picha ya maneno ni nini? Darasani twajifunza majina yake. Iko tashbihi, ambayo hulinganisha vitu viwili kwa neno "kama" au "mfano wa". Iko sitiari, ambayo hulinganisha bila kutumia neno hilo. Na iko tashihisi, ambayo humpa mnyama au kitu kisicho na uhai tabia za mtu. Hayo yote ni kweli, walakini si lazima picha iwe na pambo. Ukiandika "mazingira yameharibika" hujampa msomaji picha yoyote. Ukiandika "kisiki kingali kinatoa utomvu" umempa, ingawa hukufananisha kitu na kitu. Picha ya maneno ni neno lolote linaloliita jicho, sikio, pua, ulimi au ngozi ya msomaji lije lishuhudie.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya shule kuwapo. Mtu akitaka kumwonya mwenziwe asipuuze kosa dogo, hamtolei hotuba juu ya faida za tahadhari. Humwambia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa waonekana. Ukuta ulioanguka waonekana. Msikilizaji huiona nyumba yake mwenyewe, na hesabu ya gharama huifanya kichwani bila kufundishwa. Hiyo ndiyo siri ya kwanza. Anayeambiwa jambo aweza kukubali au kukataa, bali anayeonyeshwa hujiamulia mwenyewe, na uamuzi ambao mtu ameufanya mwenyewe ni mgumu kuutupa.

Utetezi wa pori wahitaji picha kuliko utetezi wa mambo mengine mengi, kwa sababu tatu. Kwanza, anayesoma mara nyingi hajafika huko. Ukitetea hospitali au barabara, kila msomaji amewahi kuugua na amewahi kusafiri. Lakini wengi wetu, hata sisi Watanzania, hatujamwona faru kwa macho. Pili, pori halina sauti ya kujisemea. Shamba lina mwenye shamba, na nyumba ina mwenye nyumba, lakini mti ukianguka katikati ya msitu, jirani yake ni mti mwingine. Tatu, lugha yetu yenyewe imelitilia pori shaka. Shamba lililomshinda mtu twasema limegeuka pori. Aliyepotea twasema ametokomea porini. Nayo nyika kwetu ni mahali pakavu pasipo na mtu. Wahenga hawakukosea, kwa maana porini mlikuwa na simba, na mazao yaliliwa na nguruwe na nyani. Bali anayeandika kwa Kiswahili ili pori lihifadhiwe ajue kwamba neno lenyewe analolitumia limekwisha kumgeuza msomaji upande wa pili. Hana budi kumchorea pori hilo upya.

Mfano wa kwanza nautoa hapa nchini. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt huko Ujerumani, na mwanawe Michael, walikuwa wakiruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakiwahesabu wanyama. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikitaka kubadili mipaka ya hifadhi, nao walitaka kujua makundi ya wanyama huhamia wapi. Januari mwaka 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akafa. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka huohuo baba yake alitoa kitabu na filamu juu ya kazi yao, na mwaka 1960 filamu ikapewa tuzo ya Oscar huko Marekani.

Hebu tulitazame jina alilolipa kazi hiyo. Kwa Kiswahili maana yake ni kwamba Serengeti isife. Hakuiita "Umuhimu wa Kuhifadhi Serengeti", kama ambavyo mimi ningeiita. Kwa kweli nchi haina roho ya kutoka, wala nyasi hazikati roho. Lakini kwa tashihisi hiyo moja tambarare nzima imekuwa kama mgonjwa aliyelala kitandani, na kila alisomaye jina hilo amekuwa kama jamaa aliyesimama kando ya kitanda. Mgonjwa akiwapo nyumbani, hakuna anayeuliza ana faida gani. Watu huuliza, "Tufanye nini?" Ndipo watu wa Ulaya ambao hawakuwahi kukanyaga Afrika wakatoa fedha zao kuisaidia hifadhi.

Lakini Grzimek hakutegemea picha peke yake. Alikuwa na hesabu mkononi. Yeye na mwanawe walihesabu wanyama wakubwa wapatao 367,000. Hesabu ni kama mifupa na picha ni kama nyama. Mwili hausimami kwa kimoja bila kingine. Picha isiyo na hesabu yaweza kuwa ngano tu, na hesabu isiyo na picha hupita sikioni kama jina la mgeni.

Nitoe mfano. Nyumbu wa Serengeti leo hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Nani kati yetu aliyewahi kuiona milioni? Basi tuseme nyumbu hao wanapita mbele ya lango la shule yetu, mmoja kila sekunde, usiku na mchana bila kupumzika. Wa kwanza apite Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kengele ya kuamka inapolia. Tutaingia darasani, nao wanapita. Tutakula, tutafua, tutalala, nao wanapita. Wenzetu watakwenda msikitini Ijumaa na wengine kanisani Jumapili, na vumbi la nyumbu halijatulia langoni. Nyumbu wa milioni atapita Ijumaa ya juma la pili, karibu saa mbili usiku, tukiwa prepu. Wapenda hesabu waihakiki: siku moja ina sekunde 86,400. Sasa milioni si tarakimu tena. Ni siku kumi na moja na nusu za kwato.

Mfano wa pili ni wa Mwalimu Julius Nyerere. Mwezi wa Septemba mwaka 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, alitoa tamko juu ya wanyama wa porini katika mkutano uliofanyika Arusha mbele ya wajumbe wa nchi nyingi. (Wasomaji wasilichanganye tamko hilo na Azimio la Arusha la mwaka 1967.) Alieleza ya kuwa wanyama na makao yao ni jambo la kustaajabisha na pia ni sehemu ya maliasili tutakayoitegemea kwa riziki, akaahidi kwamba yatafanywa yote yanayowezekana ili wajukuu wa watoto wetu waufaidi urithi huo. Hapa hakuna mgonjwa. Hapa kuna urithi, na kuna watoto ambao hawajazaliwa wakiusubiri. Neno urithi si geni kwa mtu yeyote, awe mkulima, mfugaji au mfanyabiashara. Kila ukoo wamjua kijana aliyeuza shamba la marehemu baba yake akala fedha zote kwa mwaka mmoja, na kila ukoo humtaja kwa aibu. Msikilizaji akiisha kuambiwa kwamba tembo ni urithi, hahitaji kuambiwa tena kwamba kumteketeza ni fedheha.

Mfano wa tatu watoka Marekani. Huko kuna korongo kubwa liitwalo Grand Canyon, lililochimbwa na mto Colorado. Urefu wake ni kilometa 446, na kina chake mahali pengine hupita kilometa moja na nusu. Katika miaka ya 1960 serikali ya nchi hiyo ilikusudia kujenga mabwawa mawili ya umeme katika mto huo. Waliotaka mabwawa walisema, pamoja na mengine, kwamba maji yakijaa wageni wataweza kupanda mashua na kuzisogelea kuta za korongo. Chama cha hifadhi kiitwacho Sierra Club, wakati huo kikiongozwa na David Brower, kilijibu mwaka 1966 kwa tangazo katika magazeti. Tangazo liliuliza kama ingefaa pia kulijaza maji kanisa la Sistine lililoko Vatikano, ili watalii waelee juu na kuisogelea dari.

Dari ya kanisa hilo ilichorwa na Michelangelo kati ya mwaka 1508 na 1512, na watu hutoka pande zote za dunia kwenda kuitazama. Msomaji wa gazeti aliyekuwa hana habari na makorongo aliijua dari hiyo, au angalau sifa yake. Alipoyaona maji yakipanda kanisani, alicheka, kisha akaacha kucheka. Kwa swali moja ile hoja ya mashua ilikuwa imezama. Mwaka 1968 sheria ya kugawa maji ya mto Colorado ilipitishwa bila mabwawa yale mawili. Sisemi kwamba tangazo peke yake ndilo lililoyazuia, kwani zilikuwapo hoja nyingi za fedha na za uhandisi. Nasema tu kwamba liliwafanya watu wa kawaida waziandikie ofisi za serikali juu ya mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kupaona.

Njia hii ni ya kumwendea msomaji nyumbani kwake, kuchukua kitu anachokipenda, na kukiweka katika hatari ileile. Wangari Maathai wa Kenya aliitumia mwaka 1989, palipokusudiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru mjini Nairobi. Bustani ile si pori, lakini ubishi ulikuwa wa namna moja. Katika barua zake za kupinga alilinganisha jambo hilo na kujenga jumba katikati ya Hyde Park ya London au Central Park ya New York. Aliyekuwa akiijua Hyde Park hakuhitaji maelezo zaidi. Jumba lile halikujengwa.

Mfano wa nne wanifundisha juu ya sikio. Mwaka 1962 Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani, alitoa kitabu kuhusu madhara ya dawa za kuulia wadudu. Alikianza kwa habari ya mji mdogo ambao majira ya machipuko yalifika lakini ndege hawakuimba. Aliwasikilizisha wasomaji wake ukimya. Yeyote aliyeamka alfajiri akazoea sauti za ndege ataelewa jinsi ukimya huo ulivyo mzito. Tena Carson alifanya jambo jingine la kuigwa. Alipomaliza kuusimulia mji huo, aliwaambia wasomaji waziwazi kwamba mji wenyewe haupo, ila kila msiba alioutaja ulikuwa umekwisha kutokea mahali fulani. Kisha akaanza kutoa ushahidi, sura baada ya sura. Mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya dawa ya DDT. Picha ilifungua mlango, na ushahidi ukaingia.

Hapo ndipo nilipofikia nilipoketi kuandika barua ya pili. Safari hii niliipamba vilivyo. Wachoma mkaa niliwaita mchwa, walioingia nyumbani mwetu usiku wakazitafuna nguzo moja moja huku sisi tumelala. Nilipoisoma mbele ya chama, wenzangu walipiga makofi. Mmoja hakupiga. Yeye hulala kitanda cha chini yangu, naye ni mtu wa maneno machache. Usiku taa zilipozimwa aliniita kwa sauti ndogo.

"Katibu."

"Naam."

"Mchwa ndiye aliyeninunulia godoro hili."

Baba yake huchoma mkaa. Si katika kilima chetu, ni katika wilaya nyingine, lakini mkaa ni mkaa. Tranka, shuka, ndoo na nauli ya kumleta shuleni, vyote vilitoka katika tanuri. Nilikaa kimya, sikuwa na la kujibu. Nikakumbuka pia kwamba nyumbani kwetu mama hupikia mkaa, na kwamba maharage niliyokula jioni ile yaliivishwa kwa kuni.

Hapo nikaelewa jambo ambalo sikuliona katika mifano yote niliyoisoma. Picha ya maneno haimwambii msomaji tu kitu kilivyo; humwambia pia la kukitenda. Mgonjwa huuguzwa. Urithi hutunzwa. Mchwa je? Mchwa hutiliwa dawa akafa. Mimi sikutaka baba wa mtu yeyote atiliwe dawa, lakini hivyo ndivyo picha yangu ilivyoagiza, hata kama maneno yangu hayakusema. Nayo ilikuwa picha ya uongo, kwa kuwa mchwa hana mtoto shuleni, wala hawezi kuambiwa, "Tuzungumze, ndugu, tuone njia nyingine."

Nilimweleza mwalimu jambo hilo. Akanitaka niirudie habari ya Serengeti, nikaitafute sehemu iliyobaki nje ya picha. Nikaitafuta. Katika pori lile mlikuwa na watu. Wamasai walikuwa wakichunga ng'ombe wao humo, na mwaka 1958 wazee wao walitia sahihi hati ya kuyaacha makao yao ndani ya Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa iwe eneo la hifadhi ambalo wafugaji na wanyama wangeishi pamoja. Grzimek mwenyewe aliamini kwamba hifadhi ya taifa isiwe na wakazi. Picha yake ya pori lisiloguswa ilikuwa na nguvu sana, hata wengi walioitazama hawakuuliza waliokuwa wakiishi humo wamekwenda wapi. Na hata jina Serengeti lenyewe husemwa kuwa limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya uwanda usio na mwisho. Hiyo nayo ni picha ya maneno, nzuri kuliko zote, na walioichora ndio walioachwa nje ya fremu.

Liko na jambo jingine. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kiasi cha robo milioni. Mnamo miaka ya 1970 walipita milioni moja. Sababu kubwa ilikuwa kutoweka kwa sotoka, maradhi yaliyokuwa yakiwaua ng'ombe na nyumbu vilevile. Sotoka ilitoweka porini kwa kuwa ng'ombe wa wafugaji wa kandokando walichanjwa. Basi mfugaji aliyempeleka ng'ombe wake kwenye chanjo alimwokoa na nyumbu, ingawa hayumo katika picha. Nayataja haya bila kumdharau mtu aliyepoteza mwanawe kwa ajili ya nchi yetu. Nayataja ili mwandishi kijana ajue kwamba anapochagua kitakachoingia katika picha, amechagua pia kitakachobaki nje.

Barua ya tatu hatukuianzia mezani. Tuliomba ruhusa Jumamosi moja tukapanda kilimani, wanne, na yule mwenzangu akiwa mmoja wetu. Tulipima kwa kamba mita 60 kutoka penye maji, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita hizo kuvilinda vyanzo vya maji. Ni zaidi kidogo ya nusu ya uwanja wetu wa mpira. Ndani ya kamba hiyo tulihesabu visiki kumi na tisa. Juu ya jiwe la chemchemi tuliona mstari wa kijani uliokauka, kiasi cha shubiri moja juu ya maji, na hapo ndipo maji yalipokuwa yakifika zamani. Mwenzangu alivitazama visiki akatuonyesha vile ambavyo vingechipua tena kama vingeachwa, na vile vilivyokatwa chini mno. Maarifa hayo aliyapata kwa baba yake.

Tuliandika mambo hayo, na mengine machache. Tuliandika kwamba tulipoingia kidato cha kwanza ndoo ilikuwa ikijaa kabla wimbo wa shule haujafika ubeti wa pili, na kwamba sasa twauimba wote mara mbili na ndoo bado. Tuliandika kwamba anayechoma mkaa naye ana mtoto anayekinga ndoo mahali fulani. Hatukuomba mkaa ukomeshwe. Tuliomba miti iliyobaki ndani ya mita 60 iachwe, na visiki vyenye uhai vilindwe vichipue. Kabla ya kuipeleka nilimpa mwenzangu aisome. Alifuta neno moja, akanirudishia.

Mzee yuleyule alitupokea. Alipofika penye ndoo alivua miwani.

"Wimbo wenu una beti ngapi?"

"Tatu, Mzee."

Hakusema kitu. Akaendelea kusoma hadi mwisho, kisha akarudia kusoma tangu mwanzo. Barua ilisomwa katika mkutano wa kijiji, na watu walibishana sana, wachoma mkaa wakiwamo. Mwisho wake miti iliyo karibu na chemchemi imepigwa pete za chokaa, na aliyeonyesha mpaka wa kilima upite wapi alikuwa mchoma mkaa mwenyewe. Ng'ambo ya pili ya kilima moshi bado waonekana asubuhi. Ndoo nayo bado yajaa polepole, maana mti haukui kwa muhula mmoja.

Sasa niyakusanye niliyojifunza, yawafae wenzangu katika insha na katika barua zao. Nenda ukakione kitu kabla ya kukiandika. Chagua vitu vichache vinavyoonekana, uyaache maneno makubwa yanayosemwa kila siku. Chukua picha kutoka katika maisha ya msomaji wako, si katika maisha yako. Iweke hesabu ya kweli karibu na picha, na kama umebuni, sema umebuni. Kisha, kabla hujatia sahihi, jiulize picha yako inaagiza nini kitendwe, na ni nani aliyebaki nje yake. Ukiweza, mpe mtu huyo aisome kwanza.

Kwa haya machache naweka kalamu chini. Wasomaji watakaopita njia ya chemchemi waziangalie zile pete za chokaa, na wasiegemee miti hiyo. Chokaa haijakauka vizuri.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Katibu wa Chama cha Midahalo